Muulize Fundi: Levin inazima zima asubuhi, mchana iko nzima kabisa

SWALI: Fundi shikamoo. Niko Njombe mjini, nina Toyota Levin AE111 ya mwaka 1997, ile yenye 4A-GE ya valvu 20, wenyewe wanaiita blaktopu. Niliinunua Dar mwezi wa pili na kule haikuwa na tatizo lolote, nikaipandisha huku ikawa nzuri tu mpaka baridi ilipoingia mwezi wa sita. Sasa asubuhi nikipiga stata inawaka hapo hapo ila mshale wa mizunguko ya injini unashuka mpaka 500 au chini ya hapo, gari zima linatetemeka hadi kioo cha katikati kinacheza, afu linazima. Nikiwasha tena ni hivyo hivyo. Inabidi nishikilie mafuta kwa mguu dakika tano sita ndo inakubali kukaa yenyewe. Ikishapata moto haina shida, barabarani inakimbia vizuri sana. Moshi mweusi haitoi, petroli hainuki. Nimeshabadilisha plagi zote nne, nozeli zimesafishwa kwa mashine, pampu ya mafuta nimeweka ingine, na fundi wa hapa ameongeza sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) kwa skrubu, matokeo yake ikiwa ya moto inakaa 1,300 ila asubuhi bado inazima. Taa ya cheki injini haiwaki. Sasa fundi anasema tununue kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini. Kabla sijauza ng'ombe naomba ushauri wako. Halafu hita nayo haitoi joto la maana, sijui kama inahusiana.
Msomaji, Njombe

JIBU: Marahaba. Ng'ombe muache kwanza ale majani.

Barua yako nimeisoma mara mbili na kilichonishtua ni huo mstari wa mwisho wa hita, ambao wewe umeuweka kama nyongeza tu. Ila tuanze mwanzo maana wasomaji wengi wa nyanda za juu, Njombe, Mbeya, Lushoto, mpaka wale wa Limuru kule Kenya, huwa wananiandikia jambo hili hili kila ikifika mwezi wa sita na wa saba.

Injini ya baridi inataka mafuta mengi kuliko ya moto. Petroli ikirushwa na nozeli kwenye chuma cha baridi haigeuki mvuke yote, nyingine inabaki ukutani kama matone na haifiki kwenye moto, kwa hiyo lazima urushe ya ziada ili ile kidogo inayofika itoshe. Wenye gari za kabureta wanakumbuka choki, unavuta kile kishikio cha kwenye dashibodi, unasubiri, unarudisha. Gari yako haina choki. Choki yake ni kisensa kimoja kidogo cha nyaya mbili kilichochomekwa kwenye njia ya maji ya injini, kinamwambia kompyuta maji yana joto kiasi gani, na kompyuta ndo anaamua nozeli zifunguke kwa muda gani na ile valvu ya hewa ya sailensi iachie kiasi gani. Asubuhi ya baridi gari nzima inatakiwa iwake ikae juu, kwenye 1,500 hivi, halafu yenyewe ishuke taratibu kadiri maji yanavyopata moto. Yako inawaka na kushuka 500 moja kwa moja, hainuki petroli, ukiipa mafuta kwa mguu inapona. Hiyo ni injini yenye njaa. Yaani ni kama kompyuta anaamini injini tayari ni ya moto, anaipimia chakula cha mtu aliyeshiba.

Swali la kwanza kwa hiyo sio plagi wala pampu. Swali ni kompyuta anaamini nini kuhusu joto.

Kabla gazeti halijaenda mitamboni nilimpigia ndugu yetu nikamwomba afanye kitu kimoja, apime hiyo sensa asubuhi kabla hajagusa ufunguo. Hapa nasisitiza, kabla hajawasha. Ugonjwa wa baridi unakupa nafasi moja tu kwa siku, ukishawasha dakika tatu umeshaupoteza mpaka kesho, ndo maana ukipeleka gari gereji saa nne fundi anakwambia mbona nzima. Multimita za kichina za bei rahisi zinatosha kabisa, unaweka kwenye oomu (kipimo cha ukinzani wa umeme), unachomoa soketi ya sensa, unagusisha pini zake mbili. Kwenye Toyota hizi, maji yakiwa nyuzi 20 unatakiwa upate kati ya oomu 2,000 na 3,000, yakiwa nyuzi 80 ushuke mpaka kati ya 200 na 400. Baridi ikizidi namba inapanda, joto likizidi inashuka.

Na mpime sensa yenyewe hasa, sio jirani yake. Kuna ya waya mmoja inayopeleka habari kwenye geji ya dashibodi, hiyo kompyuta haijui hata kama ipo. Nimeona watu wengi wanasema geji yangu inasoma vizuri kwa hiyo sensa ni nzima, hapana, ni vitu viwili tofauti, geji inaweza kusoma vizuri miaka 10 huku kompyuta anadanganywa kila siku.

Jamaa akaamka saa 12 na nusu, akafungua boneti, akaenda kuchomoa soketi akakuta hakuna cha kuchomoa. Sensa ipo kwenye injini, imekaa peke yake, pini zake zina vumbi la miaka. Soketi yake imekunjwa nyuma ya mabomba ya maji, imefungwa solteipu nyeusi imekuwa ngumu kama kigae. Akaichana kwa wembe, ndani akakuta risista, kile kidude cha redioni cha kuzuia umeme, miguu yake miwili imeingizwa kwenye matundu mawili ya soketi. Akanitumia picha. Mistari chungwa, chungwa, kahawia. Kwa anayejua kusoma rangi hizo ni oomu 330.

Nikamwambia aipime, ikatoa 330. Akapima na ile sensa iliyoachwa yatima, ikatoa 3,600 na kitu, ambayo kwa asubuhi ya Njombe ndo namba inayotakiwa kabisa. Yaani sensa ilikuwa nzima muda wote huo. Kompyuta naye mzima, wala asinunuliwe mwingine, kaambiwa maji yana nyuzi 80 usiku na mchana naye kaamini, angefanyaje.

Sasa kwa nini mtu afanye hivyo, hapa nakisia ila nakisia kwa kuzoea. Hita haitoi joto maana yake maji hayapati moto wa kutosha, na maji hayapati moto kwa sababu termostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, imetolewa. Nilimuuliza kama geji inafika katikati, akasema haijawahi, ipo robo. Hii tabia ya kutoa termostati tunaijua sote, gari imechemsha mara moja, badala ya kutafuta kwa nini imechemsha fundi anang'oa termostati anakwambia hizi ni za nchi za baridi, huku kwetu hazina kazi. Gari ikaacha kuchemsha, ila injini ikawa haifikii joto lake, kompyuta kwa sensa nzima akawa anaona nyuzi 50, 60 anaendelea kumwaga mafuta ya choki siku nzima, mwenye gari akalalamika gari linakunywa, akaenda kwa fundi mwingine (au yule yule), na huyo ndo akaja na ujanja wa risista. Angechomoa soketi tu akaiacha, taa ya cheki injini ingewaka na kodi ya kosa namba 22 ingekaa kwenye kumbukumbu, lakini ukiweka risista kompyuta anaona namba inayoeleweka, taa inanyamaza. Dar asubuhi ya nyuzi 25 injini inavumilia uongo huo, inakohoa sekunde chache basi. Njombe, karibu mita 2,000 juu, mwezi wa saba, haivumilii.

Kwa hiyo ndugu yangu usichomeke ile sensa ukafurahi ukaishia hapo. Ukiirudisha bila termostati asubuhi itakuwa tamu kweli, ila utarudi kwenye ule ulevi wa mafuta ambao ndo ulileta risista. Anza na termostati, ya 4A inapatikana na haitaki pesa ya ng'ombe, tafuta iliyoandikwa 82, ile pini ndogo inayocheza iweke upande wa juu ili hewa itoke, weka na oringi yake mpya. Jaza kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, usijaze maji ya bomba, maji ya bomba ndo yanaleta kutu na kuziba vinjia vya valvu ya sailensi. Iache inaunguruma rejeta ikiwa wazi na hita ukiwa umeifungua mwisho mpaka mapovu yaishe. Halafu chomeka sensa, soketi yake uisafishe kwanza. Na mwisho kabisa zile skrubu alizozungusha fundi wa hapo zirudi zilipokuwa. Throto, ule mlango wa hewa unaofunguliwa na mguu wa mafuta, ikishikiliwa wazi na skrubu, kompyuta haoni tena kwamba umetoa mguu, kwa hiyo hata udhibiti wake wa sailensi anauacha, na blaktopu yenye throto nne ukigusa skrubu moja bila nyingine silinda moja inapumua kuliko wenzake, utakuwa umeondoa mtetemeko wa asubuhi umeweka wa kudumu.

Nina habari yake ya juzi. Termostati kaweka, sensa kachomeka, asubuhi ya kwanza mshale ulipanda 1,600 ukashuka wenyewe mpaka 1,200 ukagoma hapo, ambayo ni zile skrubu. Fundi wake kazirudisha kwa jicho, sasa injini ikiwa ya moto inakaa 850 na kamtetemeko kidogo kamebaki. Hako ni ka kubalansi throto kwa geji ya vakyumu, sio kwa jicho. Hita anasema sasa inachoma miguu.

Kwa wengine mtakaopima mkakuta sensa yenu iko sawa na imechomekwa vizuri, msikate tamaa, endeleeni hivi. Kwenye boneti kuna kiboksi cheusi kimeandikwa DIAGNOSIS, fungua kifuniko, utaona majina ya matundu kwa ndani. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa ufunguo bila kupiga stata, hesabu taa ya cheki injini inavyopepesa. Ikipepesa haraka haraka bila kupumzika hakuna kodi. 22 ni sensa ya maji, 31 ni sensa ya vakyumu, 41 ni ya throto. Hii haihitaji mashine wala laptopu, na nashangaa mafundi vijana hawaijui, wanataka tu waya wa kuchomeka chini ya usukani ambao gari hizi hauziingii.

Kodi hakuna? Nenda kwenye ile valvu ya hewa ya sailensi. Ikiziba kwa masizi, asubuhi haifunguki ya kutosha na injini inakosa pumzi, dalili ni kwamba ukikanyaga mafuta kidogo tu inatulia kabisa na ukiachia inazama. Itoe, ipulizie dawa ya kusafishia kabureta, isugue kwa mswaki mpaka uone chuma. Angalia pia vihozi viwili vya maji vinavyoingia humo, nimekuta mara nyingi vimeunganishwa pembeni au vimezibwa kwa bolti kwa sababu vilivuja siku moja.

Halafu hewa ya wizi, yaani inayoingia pasipotakiwa. Raba kati ya throto na silinda hedi zikizeeka zinakuwa ngumu, asubuhi zimesinyaa zinavuta hewa, zikipata moto zinatanuka zinaziba, ndo maana ugonjwa unaondoka wenyewe. Vihozi vidogo vya vakyumu hivyo hivyo, vinapasuka pale mwisho kwenye mdomo. Watu wanapulizia dawa ya kabureta kuzunguka injini inayounguruma, inafanya kazi ila nimeona boneti ikiwaka moto, mimi natumia maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia. Pahali panapovuta maji injini inabadilika sauti. Fanya haraka, una dakika mbili tatu tu kabla raba hazijapata joto.

Na kama ni silinda moja tu inayomisi, yaani isiyochoma mafuta vizuri, chomoa soketi za nozeli moja moja injini ikiwa inatetemeka, ile ambayo ukiichomoa hakuna kinachobadilika ndo mgonjwa wako. Waya za plagi msizichomoe kwa mkono gari ikiwa inaunguruma, zinapiga shoti.

SWALI: Sasa Fundi. Mimi niko Limuru, niko na Levin AE101 silvatopu, ile injini ya valvu 20 iliyotangulia blaktopu. Yangu asubuhi haizimi, inafanya kupanda na kushuka, 1,000 mpaka 1,800, 1,000 mpaka 1,800, kama mtu anacheza na mafuta. Ilianza baada ya mekanika kubadilisha rejeta. Majirani wameanza kulalamika.
Msomaji, Limuru

JIBU: Poa sana, na poleni majirani. Umejijibu mwenyewe uliposema baada ya kubadilisha rejeta. Kuna hewa imebaki kwenye njia ya maji, au maji yenyewe yamepungua, povu likikaa pale kwenye sensa inasoma uongo, maji yakipita inasoma kweli, kompyuta anapandisha anashusha. Injini ikiwa ya baridi fungua rejeta ujaze mpaka juu, inua mbele ya gari hata kwa kupanda jiwe, hita wazi, subiri feni iwake mara mbili, ikipoa ongeza tena. Mara nyingi inaishia hapo.

Isipoisha, kumbuka silvatopu inapima hewa tofauti na blaktopu, kuna kile kiboksi chenye mlango unaosukumwa na hewa, kipo baada ya ea klina. Hewa yoyote inayoingia baada ya huo mlango haijahesabiwa. Ile hozi kubwa ya raba yenye mikunjo ikunje kwa mkono uangalie ndani ya mikunjo, mipasuko inajificha humo, ikiwa imetulia huioni. Kuna jaribio moja napenda, injini ikiwa inaunguruma fungua kifuniko cha oili. Silvatopu nzima lazima iharibikiwe kidogo, itikisike au itake kuzima, kwa sababu umeifungulia mlango wa wizi. Ukifungua na isijali chochote ujue mlango mwingine wa wizi tayari uko wazi mahali.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina Levin kama hizo mnazoandika, inasumbua asubuhi, fundi wangu ananishauri ang'oe mambo yote ya kompyuta aweke kabureta mbili, anasema nitapumzika na habari za sensa. Unasemaje?
Msomaji, Iringa

JIBU: Salama. Usikubali. Iringa asubuhi ya mwezi wa saba na kabureta mbili zisizokuwa na choki utakuwa unawasha gari saa 11 ili uende kazini saa 2. Pia injini hiyo inabana vibaya sana, blaktopu ni 11 kwa 1, ikikosa taimingi ya kompyuta (muda wa kurusha cheche) utaisikia inagonga mlimani kwenye Kitonga. Mwambie fundi wako anunue multimita, na kama hataki, nunua wewe, kesho asubuhi upime sensa ya maji kabla ya kuwasha halafu unitumie namba uliyopata.